Kubadilisha Chungu cha Okidi na Kuitunza Ndani ya Nyumba

Okidi nyingi zinazokufa ndani ya nyumba haziuawi na kiu. Hufa kwa sababu mizizi yake imekosa hewa, na mara nyingi anayezifikisha hapo ni mtu anayezipenda kwa dhati, anayezimwagilia kila siku bila kujua kwamba ndani ya chungu mizizi imekwisha kuoza ilhali majani ya juu bado yanaonekana mazima. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye mizizi na utairejea tena na tena, kwa maana aliyekwisha kuelewa jinsi mizizi ya okidi inavyoishi haoni ugumu katika kubadilisha chungu, kumwagilia wala kuweka mbolea.

Okidi inayozungumziwa hapa hasa ni falenopsisi, yenye majani mapana na mazito yaliyopangana katika safu mbili na maua bapa yanayofuatana kwenye shina refu lililoinama, kwa kuwa ndiyo inayouzwa kwa wingi kwa ajili ya kupamba nyumba. Jenasi hii ilielezwa kitaalamu na Carl Ludwig Blume mwaka 1825, na makao yake ya asili ni maeneo ya joto ya Asia, kuanzia India kupitia Indonesia na Ufilipino, hadi kaskazini mwa Australia. Huko msituni nyingi haziti mizizi ardhini. Hujishikiza kwenye magome ya miti bila kunyonya chakula cha mti wenyewe. Mvua inaponyesha mizizi hulowa chapachapa, na mvua inapokatika upepo huikausha kwa muda mfupi. Mzizi wa okidi ya namna hii umevikwa tabaka la seli zilizokufa, liitwalo velameni, ambalo hufyonza maji upesi kama sifongo na kuyapeleka ndani polepole. Velameni ikiwa kavu hujaa hewa, nao mzizi huonekana mweupe wenye mng'ao wa fedha. Ikilowa huwa angavu, na rangi ya kijani iliyo chini yake hujitokeza, kwa sababu mizizi ya falenopsisi ina klorofili na inaweza kutumia mwanga.

Mambo mawili makubwa yanatokana na maumbile hayo. Kwanza, okidi hii haipandwi kwenye udongo, hata ukiwa udongo mzuri wa bustani uliochanganywa na samadi, kwa sababu chembe za udongo hushikana na kuuziba mzizi usipate oksijeni. Pili, rangi ya mizizi inakuambia kama mmea unahitaji maji au hauhitaji, kwa uhakika mkubwa kuliko ratiba yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi.

Wakati wa kubadilisha chungu

Watu wengi hudhani kwamba chungu hubadilishwa pale mmea unapokuwa mkubwa kukizidi. Kwa okidi, sababu kuu ni kuchakaa kwa mchanganyiko wa kupandia. Magome ya miti yanayotumika kupandia huoza taratibu. Vipande vinavunjika na kuwa vidogo, nafasi za hewa zilizokuwa katikati yake zinajaa ungaunga, na maji yaliyokuwa yakipita moja kwa moja sasa yanakaa. Wakati huohuo chumvi za mbolea na za maji ya bomba zinaendelea kurundikana na kuunguza ncha za mizizi. Magome mazuri hudumu mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, ilhali sfagnamu, yaani mimea midogo laini ya kinamasi inayokaushwa na kuuzwa kwa kazi hii, hufaa ibadilishwe kila mwaka, kwa kuwa hushindiliana mapema zaidi.

Usisubiri kalenda ikiwa dalili zimekwisha kuonekana. Bonyeza kipande cha gome kwa kidole: kikivunjika na kuwa laini, muda wake umekwisha. Nusa sehemu ya juu ya chungu, kwa kuwa mchanganyiko mzima una harufu ya mti na uliooza una harufu ya matope. Chungu kinachobaki kizito kwa maji wiki mbili baada ya kumwagiliwa kina tatizo, vivyo hivyo mmea unaoyumba ukiguswa, kwa maana hauna tena mizizi ya kuushikilia. Mizizi inayotoka nje ya chungu na kuning'inia hewani, kwa upande mwingine, si dalili ya ubaya wowote. Hivyo ndivyo okidi inavyoishi kwa asili yake, na mizizi hiyo isikatwe kwa sababu tu haipendezi macho.

Kipindi kinachofaa zaidi ni baada ya maua kuanguka, hasa unapoona ncha mpya za kijani zikichipuka kwenye mizizi au jani jipya likijitokeza katikati, kwa kuwa wakati huo mmea una nguvu ya kukuza mizizi mingine badala ya ile itakayoumia. Kubadilisha chungu wakati okidi imechanua kunaweza kuangusha maua na vichomozo vyake. Hata hivyo, iwapo mizizi inaoza, usihesabu maua. Likate shina la maua, uyaweke kwenye chombo chenye maji ambako yataendelea kupendeza kwa siku kadhaa, kisha uushughulikie mmea siku hiyohiyo.

Okidi iliyotoka dukani inastahili kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa nyingi hukuzwa zikiwa na donge la sfagnamu au la nyuzi katikati kabisa ya mizizi, chini ya shina. Donge hilo husaidia mche mdogo katika jengo la kukuzia mimea, ambako joto na unyevu hudhibitiwa kwa uangalifu, lakini nyumbani hubaki limelowa kwa siku nyingi hata magome ya pembeni yakiwa yamekauka, nalo huanza kuozesha mizizi kutoka ndani. Maua ya kwanza yakishaanguka, ni busara kuubadilishia mmea huo chungu hata kama hauonyeshi ugonjwa.

Chungu, magome na vifaa vingine

Chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani ndicho ninachokipendekeza kwa yeyote anayeanza, kwa sababu kinamwezesha kuiona mizizi bila kuusumbua mmea. Kiwe na matundu mengi chini na, ikiwezekana, pembeni. Chungu cha udongo wa kuchoma pia kinafaa na hukauka upesi zaidi, jambo jema kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia, ila mizizi hugandamana na kuta zake na kukatika siku ya kuitoa. Chungu kizuri cha pambo kisicho na tundu kitumike kama ganda la nje tu, na kamwe maji yasiachwe yakasimama ndani yake.

Ukubwa wa chungu hupimwa kwa mizizi, si kwa majani. Kiwe na nafasi ya kuitosha mizizi iliyo hai pamoja na sentimita 2 au 3 za ziada, basi. Falenopsisi nyingi zilizokomaa hukaa vizuri katika chungu chenye kipenyo cha sentimita 12 hadi 15, na mmea uliopoteza mizizi mingi huenda ukahitaji chungu kidogo kuliko ule uliotoka. Kishawishi cha kununua chungu kikubwa ili mmea ujinafasi ni cha kukataliwa kabisa: magome yasiyo na mizizi hayana kinachoyanywea maji, hivyo sehemu ya katikati hubaki na unyevu kwa muda mrefu na kuozesha mizizi iliyo karibu.

Kwa mchanganyiko wa kupandia, chukua magome ya misonobari yaliyokatwa vipande vya sentimita 1 hadi 2. Unaweza kuongeza mkaa wa kuni uliovunjwavunjwa, perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa joto) kiasi kidogo, na pale hewa ya nyumbani inapokuwa kavu sana, viganja viwili hivi vya sfagnamu iliyokatwakatwa. Vipande vya makumbi ya nazi pia vinafaa, mradi viloweshwe na kusuuzwa mara kadhaa ili kuondoa chumvi iliyomo. Magome makavu huyakataa maji. Kwa hiyo yaloweke usiku kucha, asubuhi uyachuje na kuondoa vumbi lililotulia chini, kwa kuwa vumbi hilo ndilo linaloziba nafasi za hewa.

Vifaa vinavyobaki ni mkasi wenye makali, kijiti chembamba cha kupenyezea magome, kijiti kingine cha kuegemezea mmea, na alkoholi ya asilimia 70 ya kusafishia mkasi. Usafi wa mkasi una uzito mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Wapo virusi wanaoshambulia okidi, hasa virusi vya mozaiki ya simbidiamu, wanaohamishwa kutoka mmea mmoja hadi mwingine kupitia utomvu uliobaki kwenye makali, na mmea ulioambukizwa hauna dawa. Futa makali kwa alkoholi kabla ya kuanza na kila unapohamia mmea mwingine, au yapitishe kwenye moto mpaka yapate joto kali, lakini usiyapeleke kwenye moto yakiwa bado yamelowa alkoholi. Chungu kilichotumika zamani kioshwe kwa sabuni, kisha kilowekwe kwenye maji yenye dawa ya klorini kidogo na kusuuzwa vizuri.

Kazi yenyewe

Umwagilie mmea siku moja kabla, kwa sababu mizizi iliyokunywa maji hupindika na mizizi mikavu huvunjika. Kama chungu ni cha plastiki, kiminye pande zote taratibu ili mizizi iachane na kuta, kisha shika mmea kwenye shina, chini ya majani, uutoe bila kuuvuta kwa nguvu. Mizizi iliyong'ang'ania iache ilowe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, na ikishindikana, kata chungu. Chungu kingine kinapatikana, lakini mzizi mzima huchukua miezi kukua.

Ondoa magome yote ya zamani kwa vidole, ukipenyeza katikati ya mizizi mpaka ulifikie lile donge la katikati kama lipo. Suuza mizizi kwa maji yanayotiririka. Hapo sasa ndipo penye kazi ya kutenganisha mizizi hai na iliyokufa, na hapo usifanye haraka. Ubonyeze kila mzizi. Ulio hai ni mgumu na umejaa, uwe mweupe, wa kijani, au hata wa rangi ya manjano au kahawia hafifu, kwa kuwa mzizi uliokulia gizani au uliochukua rangi ya magome haujaharibika kwa ajili hiyo. Uliokufa ni laini na hutoa maji ukibonyezwa, au ni mkavu na mtupu ndani, na ngozi yake huvuka ikaacha uzi mwembamba wa katikati. Rangi peke yake isikudanganye. Kidole ndicho mwamuzi. Kata iliyokufa mpaka ufikie sehemu ngumu, na unapokuwa na shaka juu ya mzizi fulani, uache.

Angalia pia shina lenyewe. Falenopsisi hukua kwenda juu kutoka shina moja, na kadiri miaka inavyopita sehemu ya chini ya shina hukauka na kuwa kisiki cheusi kisicho na mizizi. Kisiki hicho kinaweza kukatwa mpaka tishu hai yenye rangi ya kijani au nyeupe ionekane, ilimradi mizizi hai iwepo juu ya mkato. Majani ya chini yaliyokwisha kuwa ya manjano yavute yenyewe yatoke. Yasiyotoka kwa urahisi yaache mpaka yakauke.

Watu wengi hupaka unga wa mdalasini kwenye mikato. Una uwezo wa kuzuia kuvu, lakini pia hukausha, na ukimwagika kwenye mizizi mizima huidhuru. Kwa hiyo utumie kwa uchache, kwenye kidonda cha shina au cha jani tu. Haidrojeni peroksaidi, inayosifiwa sana kwa povu lake, siipendekezi hata kidogo, kwa sababu haichagui kati ya kuvu na tishu changa za mzizi. Mkato safi ulioachwa ukauke kwenye hewa kwa saa kadhaa huponya vizuri bila dawa.

Weka vipande vikubwa vya magome chini ya chungu, kisha ushushe mmea kwa kuuzungusha polepole ili mizizi ijikunje ndani bila kuvunjika. Kimo chake ndicho jambo la kuangalia: sehemu ambapo jani la chini kabisa linaungana na shina iwe sawa na uso wa magome au juu yake kidogo. Mmea ukizikwa zaidi ya hapo, maji hukusanyika kwenye makwapa ya majani na shina huoza; ukiachwa juu mno, mizizi mipya inayotoka kwenye shina hukauka kabla ya kufika mahali penye unyevu. Jaza magome pembeni kidogo kidogo, ukigonga chungu na kuyasukuma kwa kijiti yaingie katikati ya mizizi, mpaka mmea usimame imara. Mmea unaocheza husugua ncha mpya za mizizi na kuziua, hivyo ukiona bado unayumba, uegemeze kwenye kijiti na kuufunga kwa uzi laini. Mizizi ya hewani iliyokuwa nje iache nje, kwa kuwa imezoea ukavu na mingi huoza ikilazimishwa kuingia ndani.

Wenye okidi za katleya, dendrobiamu au onsidiamu wazingatie tofauti moja. Hizo hutambaa kwa upande, zikitoa chipukizi jipya mbele ya lile la mwaka uliopita, kwa hiyo sehemu kuukuu ya mmea hukaribishwa kwenye ukingo wa chungu na chipukizi jipya huelekezwa kwenye nafasi iliyo wazi, ili lipate pa kukulia kwa miaka miwili hivi inayofuata.

Mmea uliopoteza karibu mizizi yote bado unaweza kuokolewa majani yake yakiwa na uhai. Utie kwenye chungu kidogo chenye sfagnamu iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka ibaki na unyevu tu, uuweke ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, ulioachwa wazi kidogo, mahali penye mwanga pasipofikiwa na jua. Itachukua wiki nyingi kabla ya ncha ya mzizi mpya kuonekana, na katika muda huo hauhitaji mbolea.

Baada ya kuhamishwa, okidi ya kawaida ikae kivulini siku kadhaa bila kumwagiliwa ili vidonda vifunge. Unyevu uliomo kwenye magome yaliyolowekwa unautosha. Mbolea isubiri mwezi mmoja. Majani yakilegea kidogo katika kipindi hiki, usiongeze maji kwa hofu.

Maji

Tazama mizizi iliyo ndani ya chungu. Ikiwa ya kijani, au mvuke ukiwa bado umetanda kwenye kuta za plastiki, acha. Ikiwa imegeuka rangi ya fedha mpaka ndani, mwagilia. Nyanyua chungu pia, kwani baada ya majuma machache mkono huzoea uzito wa chungu kikavu na wa chungu kilicholowa. Katika nyumba nyingi hali hiyo huja kila baada ya siku 5 hadi 10, lakini joto, ukubwa wa chungu na aina ya mchanganyiko hubadilisha hesabu, na ndiyo sababu sipendi kumpa mtu ratiba.

Namna iliyo bora ni kukitumbukiza chungu katika maji yasiyo baridi sana mpaka karibu na ukingo wake, kwa dakika 10 hadi 15, kisha kukitoa na kukiacha kichuruzike kabisa kabla ya kukirudisha mahali pake. Usitumie maji yaleyale kwa mimea kadhaa, kwa maana magonjwa husafiri humo. Maji ya mvua yanafaa kuliko yote. Maji ya bomba yanafaa pia yasipokuwa na chumvi nyingi. Fanya kazi hii asubuhi, ili matone yaliyobaki yakauke mchana. Maji yakiingia kwenye kitovu cha mmea, pale majani machanga yanapotokea, yafyonze kwa karatasi laini mara moja. Falenopsisi ina kitovu kimoja tu cha kukulia, na kikioza mmea hauwezi kutoa jani jingine hapo.

Swali la kumwagilia okidi kwa kuweka vipande vya barafu kwenye chungu huulizwa sana. Utafiti wa vyuo vikuu vya Ohio State na Georgia nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kumwagilia kwa barafu hakukufupisha muda wa maua kwa falenopsisi zilizopandwa kwenye magome. Anayetumia njia hiyo basi hajaiua okidi yake. Hata hivyo barafu hutoa maji machache yasiyofika kwenye mizizi yote wala kusukuma chumvi nje, na kwa sababu hizo mbili kutumbukiza chungu kunabaki juu.

Mwanga, joto na hewa

Falenopsisi hutaka mwanga mwingi usio jua la moja kwa moja. Dirisha linalopata jua la asubuhi, au dirisha lenye jua kali lililowekewa pazia jepesi, linatosha. Nyanyua mkono wako juu ya majani wakati wa mchana: kivuli chenye kingo hafifu ni ishara nzuri, kivuli kikali kinaonya kwamba jua limezidi, na kutokuwapo kwa kivuli kunaonyesha giza. Majani nayo husema. Kijani cha wastani, chenye weupe kidogo, ndicho kinachotakiwa; kijani kizito sana ni dalili ya uhaba wa mwanga, na mmea wa namna hiyo unaweza kukaa miaka ukiwa na majani ya kuvutia bila kutoa ua hata moja.

Joto la mchana la nyuzi 20 hadi 29 za Selsiasi na la usiku lisiloshuka chini ya 16 linaufaa mmea huu. Jambo la kujua ni kwamba shina la maua huanza kuchomoza pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 26 hivi kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, na mmea unaokaa kwenye joto la nyuzi 28 na kuendelea, usiku na mchana, hutoa majani tu. Okidi yenye afya isiyochanua mara nyingi huhitaji usiku wenye ubaridi kidogo kuliko inavyohitaji mbolea ya maua.

Unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 70 ndio unaopendelewa. Kunyunyizia majani kwa chupa kuna faida ya dakika chache tu na huongeza hatari ya maji kutuama kwenye kitovu; afadhali kukusanya mimea pamoja. Upepo mwepesi ni mzuri, lakini mkondo wa hewa kutoka kwenye kiyoyozi au kipasha joto hudondosha vichomozo vya maua. Matunda yanayoiva yakiwekwa karibu hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua.

Mbolea

Tumia mbolea ya maji yenye uwiano sawa wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kama vile ile iliyoandikwa 20-20-20, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, takribani kila wiki wakati mmea unakua, na upunguze unapopumzika. Usiimwage kwenye mizizi mikavu, ilowe kwanza. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu kwa wingi ili kuosha chumvi. Ukoko mweupe juu ya magome na ncha za mizizi zilizogeuka nyeusi zinaonyesha kwamba mbolea imezidi.

Dalili za matatizo

Majani yaliyolegea na kukunjamana humaanisha kwamba maji hayafiki kwenye majani, lakini chanzo kinaweza kuwa ukame au mizizi iliyooza, na tiba za hali hizo mbili zinapingana kabisa. Kabla ya kufanya lolote, itazame mizizi. Ikiwa imejaa na ina rangi ya fedha, ongeza maji. Ikiwa laini na ya kahawia, toa mmea kwenye chungu na urudie kazi iliyoelezwa hapo juu. Jani moja la chini kuwa manjano na kudondoka ni uzee wa kawaida. Majani kadhaa kuwa manjano kwa pamoja, au jani la katikati kuwa jeusi na laini, ni jambo la kushughulikiwa leo.

Wadudu wanaosumbua zaidi ni vidungata, walio wadogo na weupe kama pamba, wanaojificha kwenye makwapa ya majani na nyuma ya maua, pamoja na wadudu magamba wanaoganda chini ya majani. Wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye alkoholi ya asilimia 70, urudie kila wiki mpaka wasionekane tena, na uutenge mmea huo na mingine. Wenye paka au mbwa wasiwe na wasiwasi, kwa kuwa falenopsisi haina sumu kwa wanyama hao.

Shina la maua na miche yake

Ncha mpya ikichomoza kati ya majani, wengi hushindwa kujua kama ni mzizi au shina la maua. Ncha ya mzizi ni ya mviringo na laini, yenye kijani king'avu au wekundu kidogo. Ya shina la maua ni bapa, imechongoka, na ina mikunjo ya vifundo. Likitambuliwa, liegemeze kwenye kijiti likiwa bado changa, na usigeuze chungu kila siku, kwa maana shina hufuata mwanga na maua hupangika vibaya mwanga unapobadilika upande. Maua hukaa miezi miwili hadi mitatu au zaidi.

Maua yakiisha, shina lililokauka na kuwa kahawia likatwe chini kabisa. Lililobaki kijani lina njia mbili. Mmea wenye nguvu, wenye majani manne au zaidi, unaweza kukatwa shina sentimita moja juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, na mara nyingi tawi jipya la maua hutokea hapo baada ya wiki kadhaa, ingawa maua yake huwa machache na madogo. Mmea dhaifu, au uliobadilishiwa chungu hivi karibuni, ukatwe shina lote, ili nguvu zake ziende kwenye majani na mizizi.

Wakati mwingine, badala ya ua, kifundo hutoa mche mdogo kamili wenye majani yake. Uache kwa mama yake mpaka uwe na mizizi mitatu hivi yenye urefu wa sentimita 5 au zaidi, kisha ukate shina pande zote mbili za kifundo na kuupanda kwenye chungu cha sentimita 7 chenye magome madogo yaliyochanganywa na sfagnamu. Mizizi hiyo michache hukauka upesi kuliko ya mmea mkubwa, kwa hiyo itazame kila baada ya siku mbili au tatu. Mche hukua taratibu, na kwa kawaida hupita miaka miwili au mitatu kabla haujatoa shina lake la kwanza la maua.